Maswali ya Wasomaji: Kuvua kwa Fimbo Pwani ya Tanga

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Tanga mjini, na karibu zote zinahusu vifaa. Wanaouliza ni watu wanaovua kwa starehe siku za mapumziko, si wavuvi wa kazi, na wengi wanaanza kwa kununua fimbo, halafu ndipo wanauliza samaki gani wapo. Tunawashauri waende kinyume chake: kwanza ujue samaki na mahali, kisha ndoana, kisha mshipi, fimbo ije mwisho.

Swali: Assalam alaikum. Kwenye simu naangalia sana Wamarekani wakivua samaki wanayemwita besi. Nimepata mtu wa kuniletea seti kama yao: fimbo, rili ya kuzungushia mshipi, na sanduku zima la chambo bandia. Nataka kuvulia Raskazone na kwenye miamba ya kisiwa cha Toten. Nitafaidika, au nitatupa pesa? — Msomaji, Sahare

Jibu: Waalaikum salaam. Besi ni samaki wa maji baridi, asili yake Amerika ya Kaskazini. Afrika Mashariki aliletwa na watu. Ziwa Naivasha huko Kenya wamo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Baharini kwetu hayupo. Hata hivyo anaishi kama chewa wetu: anajibanza kwenye kivuli cha jiwe au majani, anangoja windo lipite, anatoka kwa kishindo na kurudi shimoni. Kwa hiyo mbinu za besi zinafaa sana Tanga. Vifaa vyake ndivyo vya kuchuja.

Angalia tofauti ya nguvu. Besi mkubwa kuliko wote katika rekodi, aliyevuliwa Georgia mwaka 1932 na kufikiwa na mwingine wa Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009, alikuwa na kilo kama 10. Hao ni nadra mno. Wengi hawafiki hata kilo 3. Kolekole wa kilo 4 si ajabu kwetu, na akishaguswa na ndoana anakimbia moja kwa moja kuelekea mwambani. Rili ndogo ya ziwani inaisha pumzi kabla yake. Na chumvi inamaliza kilichobaki: pete za fimbo zinaota kutu, ndoana nyembamba zinaliwa na kutu, bearingi zinakwama.

Ukiwa na pesa ya seti moja tu, tafuta hii. Fimbo ya futi 7 hadi 8, ya nguvu ya kati kuelekea ngumu, iliyoandikwa karibu na mpini kwamba inarusha gramu 10 hadi 40. Rili ya kukaa chini ya fimbo, namba 4000, iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Mshipi wa kusukwa wa paundi 20 au 30, mita 200. Mbele yake funga nailoni ya paundi 40, urefu wa mita moja hadi moja na nusu, kwa sababu uzi wa kusukwa una nguvu ya kuvuta lakini ukigusa tumbawe ukiwa umekazwa unakatika mara moja. Usijaze rili mpaka ukingoni. Acha milimita 2, la sivyo uzi utamwagika kwa mafundo kila unaporusha.

Breki ya rili ipime, usiikisie. Funga ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, inamisha fimbo kama unavyopigana na samaki, kisha mwenzako avute mizani. Breki ianze kuachia uzi kwenye robo ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa paundi 20 una kama kilo 9, kwa hiyo iachie kwenye kilo 2 na kidogo. Wanaoikaza mpaka mwisho ndio wanaolalamika kwamba samaki wa Tanga wanakata mishipi.

Sasa ile mbinu ya besi ambayo tungependa kila mtu wa Raskazone aijue: chambo cha mpira kisichonasa majani. Unahitaji chubwi, ile ya kuzamishia mshipi, yenye umbo la risasi na tundu katikati, gramu 10 hadi 15. Ndoana yenye shingo iliyopindwa, namba 3/0. Na samaki au mnyoo wa mpira wa sentimita 10 hivi. Pitisha mshipi kwenye chubwi, ncha nyembamba ikielekea kwenye fimbo, kisha funga ndoana. Ingiza ncha ya ndoana kwenye kichwa cha mpira, kina cha sentimita moja tu, itoe ubavuni, uivute mpaka kichwa kifike kwenye ule mkunjo wa shingo. Igeuze ndoana, pima inapofikia tumboni, uichome hapo na kuipenyeza mpaka ncha iguse ngozi ya mgongoni bila kutoka nje. Mpira lazima ubaki umenyooka. Ukijikunja hata kidogo utazunguka majini kama pia, mshipi utajisokota, na chewa hataugusa.

Rusha, acha uzame mpaka mshipi ulegee, inua fimbo taratibu kiasi cha nusu mita, acha uzame tena. Mara nyingi samaki anauchukua wakati unashuka. Ukihisi uzito, au ukiona mshipi unakwenda pembeni, kaza kwanza, halafu inua fimbo kwa nguvu, maana ncha inabidi itoboe mpira ndipo imfikie samaki. Mwondoe mwambani katika sekunde za kwanza; chewa akiingia shimoni na kutanua mashavu, umeshampoteza.

Kwenye sanduku lile chukua hiyo mipira na chubwi zake. Vyambo vya mbao na plastiki vyenye ndoana za meno matatu ubadilishe ndoana uweke za baharini, nene. Rili ndogo ya juu ya fimbo mwachie mwenyewe.

Swali: Ndoana zinanichanganya. Dukani naambiwa namba 8, namba 1, namba 4/0. Ipi kubwa? — Mama wa Chumbageni

Jibu: Namba zisizo na mkwaju (/) zinapungua ndoana inavyokua: namba 8 ni ndogo kuliko namba 4, na namba 4 ni ndogo kuliko namba 1. Baada ya namba 1 hesabu inageuka, inakuja 1/0, 2/0, 3/0, na hizo zinakua kadiri namba inavyopanda. Viwanda havilingani, na baadhi ya ndoana zinazouzwa pwani zina hesabu yake ya zamani, hivyo mama, nenda na ndoana unayoijua mkononi ulinganishe kwa macho.

Kwa chaa na mkundaji wa kwenye mchanga, namba 6 au 8. Changu, namba 1 hadi 2/0. Chewa, 4/0 hadi 6/0. Kama unavua kwa chambo halisi na hukusudii kula kila samaki, tumia ndoana ya duara, ile ambayo ncha yake imeelekea ndani. Hiyo haikwanyuliwi! Ukihisi samaki anakwenda, anza tu kuzungusha rili polepole. Ndoana itateleza na kushika pembe ya mdomo. Ukiikwanyua unamtoa samaki mdomoni mwako mwenyewe. Faida yake ni kwamba hamezi, na ukimrudisha anaishi.

Swali: Samaki mkubwa akija, mshipi wangu unakatikia kwenye fundo kila mara. Nimeshabadilisha mshipi wa paundi 30 ukawa wa 50 na bado. — Mvuvi wa jioni, Raskazone

Jibu: Ndugu yetu, uchunguze mwisho wa mshipi uliokatika. Ukiwa umejikunjakunja kama mkia wa nguruwe, fundo limeteleza. Ukiwa umenyooka na kukatika safi, fundo liliungua wakati wa kukaza. Ukiwa na manyoya na mikwaruzo, ni tumbawe, na fundo halina kosa. Ukiwa umekatwa kama kwa wembe, amepita mzia au nguru. Hapo dawa ni waya laini wa sentimita 15 hadi 20 mbele ya ndoana.

Kuungua ndiko kunakowapata wengi. Nailoni inayokazwa ikiwa kavu inasuguana, inapata joto, inapoteza nguvu papo hapo, na kwa macho huoni kitu. Ilowanishe kwa mate kabla ya kukaza, uvute polepole, mara moja tu.

Fundo rahisi la ndoana na linaloaminika ni hili. Kunja mshipi uwe wa ncha mbili, sentimita 15. Pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana. Funga fundo la kawaida kwa uzi huo wa mara mbili, ndoana ikining'inia katikati, usikaze. Pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi. Lowanisha, kisha vuta mshipi na ile ncha kwa pamoja mpaka kitanzi kikae juu ya tundu, nyuzi zisipandane. Acha ncha ya milimita 3.

Pale uzi wa kusukwa unapokutana na nailoni, laza mishipi miwili sambamba. Uzi wa kusukwa uzungushe mara 8 ndani ya kitanzi chake, nailoni mara 5, kisha vuta mafundo yakutane. Ukiuzungusha uzi wa kusukwa mara 5 kama nailoni utateleza, kwani ni laini na hauna mshiko. Baada ya kila samaki mzuri, pitisha mita ya mwisho katikati ya vidole. Ukihisi ukwaru, kata na ufunge upya. Kupanda paundi 50 hakukusaidii chochote kama fundo linabaki na nusu ya nguvu.

Swali: Tunakwenda Jumamosi asubuhi, wakati mwingine samaki tele, wakati mwingine hata mguso hakuna. Vifaa ni vilevile. — Vijana watatu, Chuda

Jibu: Mnafuata kalenda ya ofisini, samaki wanafuata mwezi. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Tanga yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku hizo yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakupwa kwenye saa nne. Jumamosi ya bamvua mkifika saa tatu asubuhi mnavulia maji yanayoikimbia miamba. Wiki moja baadaye, maji mafu, kujaa kunakuja kwenye saa nne asubuhi, ila mkondo ni dhaifu. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50.

Ukiwa ufukweni, saa mbili za mwisho za maji kujaa na saa ya kwanza yanapoanza kutoka ndizo za kuwa mahali pako. Zikiangukia alfajiri au machweo, msikose. Siku ya bamvua kubwa mkondo unabeba chubwi ya gramu 40 kama kokoto, hivyo ongezeni uzito au mjibanze nyuma ya mwamba ambako maji yanazunguka taratibu. Huko ndiko samaki naye anapumzika. Kusi likivuma sana na maji ya nje yakachafuka, vueni ndani ya ghuba, mbali na gati na njia ya meli. Masika, maji ya mito yakiingia mekundu, chambo bandia hakionekani: tumieni ngisi au kamba, samaki wafuate harufu.

Swali: Rili yangu haina mwaka na inalia kama mashine ya kusaga. Naisafisha kwa kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji. — Msomaji, Mwambani

Jibu: Hiyo ndoo ndiyo iliyoiua. Maji yanaingia ndani pamoja na chumvi na hayatoki. Ukirudi nyumbani, kaza breki mpaka mwisho ili maji yasiingie kwenye vibao vyake, mwagia maji ya bomba kwa wepesi kama mvua, futa, halafu legeza breki kabisa na uiache ikauke kivulini. Tone moja la oili nyepesi kwenye kishikio na kwenye kile kigurudumu ambacho uzi unapitia, kila baada ya kuvua mara chache. Grisi ni ya gia za ndani tu. Hii yako ipeleke ikafunguliwe. Mara nyingi ni bearingi mbili za kubadilisha.

Swali: Mwanangu alichomwa na tasi wakati wa kumtoa kwenye ndoana, akalia usiku kucha. Tufanyeje ikitokea tena? — Baba, Ngamiani

Jibu: Pole sana, na mtoto pia. Sumu ya miiba ya tasi inaharibika kwa joto. Tumbukiza mkono kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kama nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, ukiyapima wewe kwanza kwa mkono wako mzima, maana uliochomwa haupimi vizuri. Safisha kidonda, toa kipande cha mwiba kama kimebaki. Akivimba sana, akikosa pumzi au mwiba ukiwa wa taa, nenda hospitali bila kungoja. Na bunju akinasa, mrudishe majini. Sumu yake haiondoki kwa kupika, na inaua.

Swali: Naruhusiwa kuvua popote? — Mgeni, yupo Tanga kwa kazi

Jibu: Hapana. Uvuvi wa burudani nao uko chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, hivyo anzia ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulizie leseni. Sehemu kubwa ya maji kati ya Pangani na Tanga imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009. Humo ulizia kanuni za kila eneo. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, ni hifadhi tengefu: fimbo iache nyumbani, nenda na miwani ya kuzamia.