Kichefuchefu kwenye mafunzo ya uhalisia pepe

Umeuliza kwa nini wanafunzi wako, wakiwa wamevaa miwani ya uhalisia pepe (inayomwonyesha mtu mazingira ya kompyuta kana kwamba yumo ndani yake), wanashikwa na kichefuchefu wakisogea kwa kijiti cha kuongozea, ilhali wakitembea kwa miguu yao chumbani hawapati shida. Ni kwamba macho yanaona mwendo, lakini sikio la ndani, linalohisi mwendo na usawa wa mwili, linaripoti kuwa mtu ametulia. Hali huzidi pale kasi inapobadilika ghafla, na hasa wakati wa kugeuka. Anzia hapo: ondoa mgeuko laini (picha kuzunguka mfululizo), weka wa kuruka nyuzi 30 au 45 kwa mara moja, na wahame kwa kuchagua mahali na kutokea pale papo hapo. Zoezi likiwa la kuendesha chombo, kila mmoja ashike usukani mwenyewe. Abiria huumia zaidi kuliko dereva. Picha zisikwamekwame, 90 kwa sekunde ni kiwango kizuri.

Na tafadhali, usimwambie mtu avumilie! Akianza kutokwa jasho jembamba au kupauka, avue miwani hapo hapo, apumzike mpaka atulie kabisa, na asiendeshe gari mara tu baada ya somo.