Usikiponde kidonge hicho kabla hujazungumza na mfamasia

Usikiponde. Umeandika kwamba mzee unayemhudumia makaoni anatema vidonge vyake vya presha, kwamba mwenzako wa zamu amekushauri uvisage na kuvichanganya na chakula laini bila kumwambia, na umeuliza pia namna ya kupanga daftari la dawa na nani ashike ufunguo wa kabati. Ya daftari na ufunguo yatasubiri. Hili la kuponda siwezi kulinyamazia, kwa sababu nililifanya kwa mikono yangu.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Bibi niliyemhudumia alikuwa na umri wa miaka 82, akili zake timamu kabisa, akitumia nifedipini, dawa ya presha, ya miligramu 60 ya aina inayoachia dawa kidogokidogo kwa saa 24. Kila asubuhi nilikikuta kidonge shavuni mwake. Msimamizi wa zamu akaniambia nikiponde, nikichanganye na chakula, kwamba hataonja chochote, nami nikatii bila hata kusoma pakiti. Kidonge cha namna ile kimeundwa ili muundo wake wenyewe upime kasi ya dawa kuingia mwilini, na ukiuvunja, dozi iliyokusudiwa kutwa nzima humwagika kwa muda mfupi. Hazikupita saa mbili, bibi aliinuka kwenda msalani presha ikiwa imeshuka vibaya, akaanguka na kuvunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, lakini hakutembea tena bila kushikwa.

Msimamizi yule aliandika kwenye ripoti kwamba bibi aliteleza. Hadi leo nina hasira naye, si kwa kutojua, maana hata mimi sikujua, bali kwa kuagiza kwa uhakika mkubwa jambo ambalo hakuwahi kuliuliza, kisha kulifunika, ilhali namba ya mfamasia ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kiti chake.

Aliporudi kutoka hospitalini, bibi aliniuliza, "Mlikuwa mnanilisha nini?" Nilimweleza ukweli. Tangu siku hiyo hakukubali chakula kutoka mkononi mwangu wala mwa mwenzangu yeyote mpaka kwanza amwone mtu mwingine akikionja, akawa anakonda mbele ya macho yetu. Na sababu ya kutema? Kinywa chake kilikuwa kikavu na kidonge kilimkwama kooni. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Mtu mwenye akili timamu ana haki ya kukataa dawa, hata pale kukataa kwake kunapotutia hofu. Kwa yule asiyeweza tena kuamua, kama mgonjwa ambaye maradhi ya kusahau yamemzidi, dawa inaweza kufichwa chakulani pale tu daktari, mfamasia, wauguzi na familia wanapokuwa wamekaa, wamekubaliana kwamba ni kwa manufaa yake, wameandika, na wanaupitia upya uamuzi huo mara kwa mara. Mhudumu mmoja aliyeshika kijiko hana mamlaka hayo.

Mwulize mzee wako kwa nini anatema. Akikataa, andika kwenye chati kwamba amekataa, saa na sababu, kisha mjulishe muuguzi au daktari papo hapo, kwa kuwa zipo dawa, kama za kifafa na za Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili), ambazo kuruka hata dozi moja kunaweza kuleta madhara. Soma pakiti: herufi SR, MR, XL, CR au LA baada ya jina la dawa kwa kawaida huonyesha kwamba inaachiliwa polepole, na EC kwamba ina ganda lisilotakiwa kuyeyuka tumboni. Kukosekana kwa herufi hizo si ruhusa ya kuponda. Alendroneti ya mifupa, kwa mfano, inaweza kuunguza kinywa na koo. Mara nyingi ipo dawa ya maji, au nyingine ya kundi hilohilo iliyo rahisi kumeza. Mpigie mfamasia kabla ya dozi ijayo, pakiti ikiwa mkononi, umsomee kila kilichoandikwa juu yake.