Muulize Fundi: Bomba moja kwa nyumba nzima?

SWALI: Fundi, hujambo? Najenga nyumba ya kustaafia huku Kabale, na miguu yangu haiwezani tena na baridi ya Julai. Mwanangu aliyeko Ujerumani amenitumia mabomba ya kupitisha maji moto chini ya sakafu. Sebule ni mita 4 kwa 5, vyumba viwili vya kulala ni mita 3 kwa 4, bafu mita 2 kwa 2. Fundi wangu anasema atatandaza bomba moja lipite vyumba vyote, kisha maji yarudi kwenye tangi. Nimkubalie?
Mwalimu mstaafu, Kabale

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Usimkubalie. Maji yakianzia sebuleni yatafika bafuni yamepoa, na bafuni ndiko unakokanyaga peku. Tena bomba refu mno huielemea pampu. Kama mwanao ametuma PEX, yaani bomba la plastiki ngumu linalostahimili maji moto, ya milimita 16, ile ya kawaida ya kazi hii, mzunguko mmoja usizidi mita 100 hivi, pamoja na kipande cha kwenda na kurudi kwenye manifoldi, yaani shina lenye vali ambako kila mzunguko unaanzia na kuishia.

Hesabu yenyewe unaiweza kuliko mimi: gawa eneo la chumba kwa nafasi iliyopo kati ya bomba na bomba. Sebule ni mita za mraba 20. Ukiacha sentimita 15 unahitaji mita 133. Zimezidi, kwa hiyo sebule ipate mizunguko miwili ya mita 67 hivi. Chumba cha kulala kwa nafasi hiyo kinakula mita 80, na manifoldi ikiwa umbali wa zaidi ya mita 10 umeshavuka kiwango. Mimi huko ningeacha sentimita 20, zitoshe mita 60. Mtu aliyejifunika blanketi mbili hahitaji sakafu ya moto hivyo. Bafuni bana hadi sentimita 10: mita 40, pungufu kidogo kwa kuwa chini ya choo hatupitishi kitu. Wala chini ya makabati yaliyojengewa. Mzunguko wa bafu ni mfupi, utavuta maji mengi kuliko wenzake, hivyo vali yake ibanwe kidogo. Manifoldi ikae koridoni, katikati ya nyumba.

Kutandaza, mwambie azungushe kama konokono: bomba la kwenda na la kurudi yafuatane ubavu kwa ubavu mpaka katikati ya chumba. La moto linalala jirani na lililopoa, sakafu inakuwa na joto moja. Aanzie ukuta wa nje wenye madirisha.

Chini ya mabomba weka mbao za polistireni, lile povu gumu la kuzuia joto lisipotee, na ukanda wake pembezoni mwa kuta. Bila hizo utakuwa unaipasha moto milima ya Kigezi. Ndani ya zege pasiwe na kiungo hata kimoja. Bomba lisipofika, msiliunge, tafuteni refu zaidi. Kisha mabomba yajazwe maji kwa presha kabla ya kumwaga zege, na presha ibaki humo wakati wa kumwaga. Toroli likitoboa bomba, mshale wa geji unaanguka palepale na mnaliona tundu likiwa bado wazi. Kabla ya hapo piga picha kila chumba, futi ikiwa imelala sakafuni, maana siku moja kuna mtu atakuja na drili.

Maji ya nyuzi 35 hadi 45 yanatosha, na sakafu ya sebule isipite nyuzi 29. Kwa joto hilo sola inaweza kusaidia, ila baridi yenu ni ya usiku na ya asubuhi za ukungu, kwa hiyo usibanie tangi.

Mkishamaliza, usiwe na haraka ya kuwasha. Zege la simiti lipewe siku 21, kisha maji ya nyuzi 25 kwa siku 3, ndipo upandishe taratibu.