Barua kwa mwanangu anayetaka kuninunulia mashine ya kutembea

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeiona tangu juzi, unauliza unitumie ile mashine ya kutembea ndani au baiskeli ya mazoezi, ipi nitaitumia kweli, maana dada yako kakwambia nimeacha kutembea. Kwanza dada yako ana mdomo.

Habari ya mashine tutafika. Mi naona cha kuuliza ni kwa nini mtu mwenye kifua kilichoharibiwa na moshi kama changu anaanza mazoezi vizuri tu halafu anaacha, maana nyie mnadhani ni uvivu. Mimi mvivu? Nani alikuwa anachemsha ndizi za mbege, pombe yetu, toka alfajiri mpaka jioni kwenye lile jiko la nyuma lisilo na dirisha, na ada zenu zikatoka mle mle kwenye moshi? Sikwambii ili uumie. Haya, uumie kidogo. Daktari mwenyewe aliniuliza nimevuta sigara miaka mingapi, nikamwambia hata moja sijawahi kushika, akauliza unapikia nini, nilipotaja kuni na mafiga akaacha kuandika akaniangalia.

Sasa sikiliza. Ukihema unaogopa, ukiogopa unakaa, ukikaa miguu inalegea, miguu ikilegea hata kwenda kuchuma mboga nyuma ya nyumba unahema, basi unakaa tena. Yule dada wa fiziotherapia, kwenye yale mazoezi ya kifua ya kliniki, alituambia wazi kwamba mapafu yaliyoharibika mazoezi hayayarudishi, ila miguu inafundishika, na mguu wenye nguvu unatumia hewa kidogo kwa kazi ile ile. Siku moja najiona kabisa naenda kuzimu, akanibana kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kikasoma asilimia 93, akasema mama, oksijeni unayo, hiyo ni pumzi tu inakutisha, vuta kwa pua toa taratibu kwa mdomo kama unapoza chai. Mpaka leo nafanya hivyo nikifika kwenye ule mwinuko wa kwa Mangi.

Mimi siku zote nasema mtu anatembea akiwa na pa kwenda. Mashine haina pa kwenda.

Ila hapo najipinga mwenyewe maana hata korido ya kliniki haikuwa na pa kwenda. Ni mita 30, koni huku na koni kule, unaenda unarudi dakika 6 wanahesabu umefika mita ngapi, na kabla ya kuanza na ukimaliza unaulizwa kuanzia 0 mpaka 10 pumzi imekubana kiasi gani. Ungeniona ungesema mama kachanganyikiwa. Lakini nilikuwa nachukua Hiace mbili kwenda huko, mvua ikinyesha naenda, na sababu ni yule mzee niliyekusimulia, mwanaapolo, yaani mchimbaji, wa zamani wa Mererani, vumbi la mgodini ndo lililomkaa kifuani. Anakuja na shati la pasi na raba nyeupe utadhani anaenda kwenye mahari! Siku ya kwanza tu ananiambia, mama leo nakuacha kwenye koni. Nikamjibu baba pumzi yenyewe ya kukopa unaimalizia kwenye maneno. Yule dada anasema jamani hayo si mashindano, kila mtu na mwendo wake, nani anamsikiliza. Siku ya kupimwa mara ya mwisho nilimpita, mwanangu, nilimpita pale karibu na mlango wa maabara, akaenda kukaa kwenye benchi anacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mimi nikashikwa, na benchi zima likashikwa, tunacheka tunakohoa tunafuta machozi na hakuna hata mmoja aliyesogea pembeni.

Hiyo ndo siisahau. Kwa sababu huku nyumbani nikikohoa watu wanasogea. Kwenye msiba wa jirani mwaka ule nilisimama nikaosha masufuria na wenzangu, akaja kabinti hata sikajui, akaninyang'anya sufuria mkononi, bibi kaa wewe mgonjwa, akanipeleka kwenye mkeka wa wazee wasioona, nikaletewa chai kwenye kikombe cha peke yake. Na watoto wakaambiwa msimsogelee bibi ana kifua. TB sina, nilishapimwa, cheti kipo kwenye kabati, ila utatembea na cheti shingoni? Tangu hapo nikifikiria kupita njia kuu nikihema nasimama nasimama, watu wakiniangalia, naona bora nikae tu.

Programu zenyewe huwa ni wiki 6 mpaka 12 basi, zikiisha wanakupa karatasi yenye picha za mazoezi. Yangu iko nyuma ya mlango. Wale wa kwenye picha wanatabasamu sana, sijui wanaumwa nini.

Sasa kuna jambo nilitaka ninyamaze. Yule kijana wa boda unayemlipa kwa simu anipeleke kanisani kila Jumapili na kunirudisha, ni upendo, najua, na majirani wananisifia mtoto. Lakini unamlipa mtu anizuie kutembea halafu unataka kununua mashine ili nitembee ndani nikiangalia ukuta? Sisemi umekosea. Kwenda ni kupanda, ile siwezi, na msimu wa vumbi ndo kabisa, hapo boda ni lazima. Ila kurudi ni mteremko mtupu, na mama Neema naye siku hizi magoti yanamsumbua anatembea taratibu kama mimi, tungekuja wote tunasengenya kwaya. Mtu anatembea akiwa na pa kwenda, na mwenzake wa kumsubiri akisimama. Vile vile mwambie mkeo, kwa adabu, nikija kwenu Dar asininyang'anye ufagio. Hapana, usimwambie. Ataona namsema.

Mashine siamui mimi, hela ni yako. Ningekuwa wa kusema ningesema umeme wenyewe unakatika na sebule imejaa makochi ya baba yenu, lakini sisemi. Labda mvua za masika zikianza nitaihitaji, njia ile inateleza na kuanguka kwa umri huu si mchezo, kwa hiyo sijui. Kama umeshalipia usiniambie bei.

Ila ukiituma uje nayo, huku wa kuifunga hayupo. Na uniletee pampu za bluu mbili, zile za kuvuta za kifua, hii ya sasa naona inakaribia kuisha, na zile puli mbili kabla ya kutembea sitaki kuanza kuzibania.

Mama yako