Saratani ya tumbo iliyofika kwenye ini: dripu au vidonge?

SWALI: Mama ana saratani ya tumbo, na picha zimeonyesha uvimbe sehemu nne za ini. Daktari ametupa njia mbili: dripu ya siku mbili kila baada ya wiki mbili, au dripu fupi na vidonge kila wiki tatu. Ipi ina nguvu zaidi? Na kwa nini asipasuliwe ini?

JIBU: Kwa nguvu zinalingana, maana dawa ni za ukoo mmoja. Njia ya kwanza ni oksaliplatini miligramu 85 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kisha florourasili inayoingia polepole kwa saa 46 kupitia mrija wa kifuani. Ya pili ni oksaliplatini 130, halafu vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni kwa siku 14, ndani ya nusu saa baada ya kula, kisha wiki ya kupumzika. Vidonge hivyo hugeuka florourasili mwilini. Kwa hiyo angalieni kumeza: kama anatapika au chakula kinakwama, achukue njia ya kwanza, ya dripu tupu. Kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, daktari ajue mapema. Kapesitabini huizidishia nguvu na damu huweza kuvuja.

Kabla ya dripu ya kwanza, ulizeni: kile kinyama kilichochukuliwa tumboni kimepimwa HER2, PD-L1 na MSI, yaani alama za saratani zinazoonyesha dawa ipi ya ziada inaweza kumfaa? HER2 ikiwa nyingi huongezwa trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, baada ya kupima moyo. Hili msiliache lipite.

Kuhusu upasuaji: damu ya tumbo hupitia kwenye ini, na palipo na sehemu nne zinazoonekana huwa kuna mbegu nyingine zisizoonekana. Kidonda nacho kingechelewesha dawa. Tuseme wazi, kwa kawaida dawa hizi hurefusha maisha na kupunguza maumivu. Kuponya kabisa ni nadra.

Siku za mwanzo baada ya oksaliplatini, maji baridi hubana koo na chuma baridi huchoma vidole. Ampeni maji ya vuguvugu. Ganzi ikiendelea hadi dripu inayofuata, semeni, dozi ipunguzwe, la sivyo yaweza kubaki. Akiharisha sana, aache vidonge siku hiyohiyo na kumpigia daktari.

Joto likifika 38, hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Msianze na panadoli: itashusha joto huku maambukizi yakiendelea, wakati chembe nyeupe za damu ziko chini.