Andunje wa Hoopstad

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni mwanamichezo gani wa kike aliyeacha kucheza ambaye amesahaulika kuliko anavyostahili?" Najua wengi watawaletea wakimbiaji, na sitabishana nao. Mimi nawaletea mcheza tenisi, Amanda Coetzer wa Afrika Kusini. Hapa Tabora tenisi niliyowahi kuiona kwa macho ni uwanja mmoja wa saruji usio na neti, kina mama wakianika michembe, kwa hiyo naelewa mkiguna.

Nilimjua kwa redio. Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha pili, tunakaa kota za reli, na baba hakukosa matangazo ya Kiswahili ya Deutsche Welle. Steffi Graf, bingwa wao wa tenisi, tulimzoea kama tulivyowazoea Simba na Yanga, maana Wajerumani hawakuchoka kumtangaza. Jioni moja ya Mei ikasemwa kwamba Graf kachapwa Berlin, 6-0, 6-1, yaani seti mbili, na yeye kaambulia gemu moja tu. Berlin, kwao, ambako alikuwa ameshabeba kombe mara tisa! Mchezo ulikwisha kwa dakika 56. Na aliyemchapa alikuwa na urefu wa sentimita 158.

Mimi nikaruka. Baba akanitazama: "Huyo si Kaburu huyo?"

Ndiye. Na baba alikuwa na sababu zake. Kizazi chake kiliona Tanzania ikisusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga Afrika Kusini, na Filbert Bayi akazikosa mbio ambazo dunia nzima ilikuwa ikizisubiri. Coetzer alizaliwa Hoopstad mwaka 1971, akaanza tenisi ya kulipwa mwaka 1988, nchi yake ikiwa bado imefungiwa milango ya Olimpiki. Ilipofunguliwa, Barcelona 1992, naye alikuwemo. Sasa binti wa miaka kumi na tano ningemjibu nini baba? Mimi kilichonishika ni zile sentimita.

Shuleni nilikuwa naitwa andunje. Mwalimu wa mpira wa pete alitupanga mstari, akachagua timu kwa kuangalia vichwa, akaondoka na warefu. Hakuniona nikigusa mpira hata mara moja. Na tenisi, nilikuja kuelewa baadaye, huwapendelea warefu hivyo hivyo. Anayeanzisha huupiga mpira kutoka juu ya kichwa. Mkono ukifika juu zaidi, anapata nafasi ya kuushindilia chini kwa nguvu na bado ukavuka neti na kuangukia ndani ya mistari. Mfupi akiiga nguvu hiyo, mpira utanasa kwenye neti au utatoka nje. Kwa hiyo zile pointi za bure wanazookota wenzake, Coetzer hakuwa nazo. Alikaa nyuma ya mstari akirudisha kila kilichokuja, kushoto, kulia, tena kushoto, mpaka mwenye mabavu akaharibu mwenyewe. Walimbandika jina la "muuaji mdogo". Andunje kuitwa muuaji! Mimi lilinipendeza sana.

Wabishi husema mwaka ule Graf alikuwa na goti bovu. Ni kweli, na baada ya mashindano ya Paris alifanyiwa upasuaji. Lakini Januari ya mwaka huohuo, Melbourne, Graf akiwa namba moja wa dunia, Coetzer alimtoa raundi ya nne, 6-2, 7-5. Na nyuma zaidi, Toronto mwaka 1995, ni yeye aliyekata mfululizo wa Graf wa kushinda mechi 32. Goti hilo liliuma tangu lini? Sisemi alimzidi Graf. Graf ana mataji makubwa 22, na walipokutana, mara nyingi aliyetoka anacheka ni Mjerumani.

Halafu kuna jambo moja la Toronto ambalo hunichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Coetzer alifika fainali akakutana na Monica Seles, ndiyo kwanza amerudi uwanjani tangu alipochomwa kisu mwaka 1993. Seles akamchapa 6-0, 6-1. Hesabu ileile aliyokuja kumpa Graf Berlin miaka miwili baadaye, kama mtu anayelipa deni kwa asiyemdai.

Kwa nini basi amesahaulika? Hakuwahi kucheza fainali ya yale mashindano makubwa manne, ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, akiwa peke yake. Nusu fainali alifika mara tatu, Melbourne 1996 na 1997, kisha Paris 1997. Novemba ya mwaka huo alikuwa wa tatu kwa ubora duniani. Mataji yake ya mmoja mmoja ni tisa, na mwaka 2000 yeye na mwenzake wa kiume Wayne Ferreira waliipa Afrika Kusini Kombe la Hopman, la timu za mataifa. Akaacha mwaka 2004. Wa tatu wa dunia nzima, lakini kwa kuwa hakushika kombe hata moja la mashindano hayo makubwa, watu humtaja kama aliyepita njia.

Turudi Paris. Pale wanachezea vumbi jekundu la matofali yaliyosagwa, mpira hupungua kasi, na mwenye miguu huwahi. Robo fainali akapangwa na Graf tena. Jioni ile mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikasikia baba ananiita kutoka sebuleni, na sauti yake si ya kugomba.

"Njoo usikie, yule Kaburu wako kampiga tena."

6-1, 6-4. Siku chache hazikupita akafungwa na Iva Majoli kwenye nusu fainali, kwa seti tatu. Tulisikiliza pamoja. Baba alizima redio kabla taarifa haijaisha, akasema betri zinakwisha, na zilikuwa mpya.