Kwa anayepewa nafasi ya Malvolio kwa mara ya kwanza

Ukipewa nafasi ya Malvolio katika Twelfth Night, tamthilia ya kuchekesha ya Shakespeare, utatamani kuchekesha tangu siku ya kwanza. Utakuja mazoezini umeshajitafutia mwendo wa madaha na sauti ya puani. Viache nyumbani. Nimewaona waigizaji hodari wakiipoteza nafasi hii kwa sababu walizikimbilia soksi za manjano ambazo Malvolio huzivaa baadaye kwenye mchezo, kabla ya kumjua anayezivaa.

Huyu bwana si mpumbavu. Ni msimamizi wa nyumba ya Olivia, mwanamke tajiri wa ukoo bora, na anaaminiwa. Walevi wakipiga kelele usiku wa manane, ndiye anayekwenda kuwanyamazisha. Ila Olivia mwenyewe anamwambia mapema kabisa kwamba anaugua kujipenda. Neno hilo liweke moyoni.

Kisha isome polepole sehemu ya 2, onyesho la 5. Wengi hudhani kinachomdanganya ni barua ya mapenzi aliyoighushi Maria, mtumishi wa Olivia, ionekane imeandikwa na Olivia. Hebu tazama nini kinatangulia nini. Kabla hajaiona barua, Malvolio yuko bustanini akijiona ameshamuoa Olivia, amevaa joho la mahameli, na Toby, ndugu wa bibi huyo, ameitwa aje kukaripiwa. Barua inakuta mlango uko wazi.

Ndani ya barua mna herufi nne: M, O, A, I. M anaipokea kwa furaha, maana jina lake linaanza nayo. Halafu anakwama: ilipaswa kufuata A, imefuata O. Akili yake inamwonya waziwazi, mbele ya watu wote. Naye anasema akizibana kidogo zitamkubali, kwa kuwa zote zimo katika jina lake.

Kwangu mimi, nafasi nzima iko hapo. Kabla ya kuzibana, nyamaza. Itazame karatasi, ujue kabisa kwamba hazilingani, kisha uchague kuamini. Kijana mmoja niliyemfundisha alikirudia kipande hicho jioni nzima huku akikunja uso, na hakuna aliyecheka. Alipouacha uso wake utulie, akaitaka kweli ile ndoa, wenzake walioigiza wanaomchungulia, wakiwa wamejificha nyuma ya benchi, walicheka hadi wakasahau zamu zao za kusema. John Manningham, mwanafunzi wa sheria aliyeutazama mchezo huu London mwezi Februari 1602, naye aliusifu mzaha huo wa barua katika shajara yake.

Baadaye Toby na wenzake wanamfungia gizani na kumwita kichaa. Usiongeze kitu hapo. Omba taa, kalamu na karatasi kama mtu anayevihitaji. Kicheko kikififia, usikikimbilie.

Mwishoni anaapa kulipiza kisasi kwa kundi zima, na Olivia anakiri kwamba ametendewa vibaya sana. Usiipigie kelele kauli hiyo ya kisasi. Iseme, kisha toka kwa hatua zilezile za msimamizi wa nyumba ulizoingia nazo mwanzo.